Vikombe Themanini

Mikusanyiko ya watu ni ya namna mbili kubwa. Upo mkusanyiko wa arusi, ambao watu huuendea kwa furaha ya jambo linaloanza; na upo mkusanyiko wa matanga, ambao watu huuendea kwa huzuni ya jambo lililokwisha. Arusini watu huulizana nani amekuja. Matangani hukumbushana nani ameondoka. Walakini upo mkusanyiko wa tatu usioweza kuwekwa upande wa huu wala wa ule, nao ni mkutano wa askari wazee waliopigana pamoja katika ujana wao. Hao hukutana wakikumbatiana na kucheka kama watu wa arusi, na kabla cheko halijaisha huanza kuhesabu waliokufa kama watu wa matanga. Kila mwaka furaha yao ni ile ile, na kila mwaka hesabu yao huongezeka. Mwisho wa mkutano wa namna hii hujulikana tangu siku ya kwanza. Lisilojulikana ni nani atakayebaki kuufunga mlango.

Mmoja wa mikutano hiyo ulifungwa tarehe 9 Novemba, 2013, katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, mjini Dayton, katika jimbo la Ohio. Dayton ni mji wa Orville na Wilbur Wright, ndugu wawili waliokuwa mafundi wa baiskeli, ambao mwaka 1903 walirusha juu ya mchanga wa North Carolina ndege yao ya kwanza yenye injini. Makumbusho hayo ni majumba makubwa mfano wa mabanda ya kuwekea ndege, na ndege za vita za kila zama zimepangwa ndani yake, hata mgeni apitaye chini ya mabawa yake hujiona mdogo kama mtoto aliyepotea sokoni. Siku hiyo waliingia humo wazee watatu: Richard Cole, aliyekuwa na umri wa miaka 98, Edward Saylor, miaka 93, na David Thatcher, miaka 92. Mzee wa nne, Robert Hite, mwenye miaka 93, alizuiwa na afya yake asiweze kusafiri. Hao wanne ndio waliokuwa wamebaki hai katika watu themanini.

Watu hao themanini walikuwa nani? Tarehe 7 Desemba, 1941, ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, na Marekani ikaingia vitani ikiwa na jeraha. Katika miezi iliyofuata, habari za Bahari ya Pasifiki zilikuwa karibu zote habari za kushindwa. Serikali ilitaka jibu, na jibu lilikuwa gumu kupatikana, kwa kuwa hapakuwa na uwanja wa ndege karibu na Japani ambao Marekani iliweza kuutumia. Ndipo lilipotokea shauri ambalo katika siku za amani lingechekwa: kuzipakia juu ya manowari ndege za kutupa mabomu zilizoundwa kwa viwanja virefu vya nchi kavu, kuzirusha kutoka katikati ya bahari, na baada ya shambulio kuziacha ziendelee mpaka Uchina, maana zisingeweza kutua tena juu ya manowari. Luteni Kanali James Doolittle alipewa kazi hiyo. Waliomfuata walijitolea kwa hiari yao, ingawa hawakuambiwa waendako.

Walijifunza Florida kuruka kwa mwendo mfupi. Ndege zao zilikuwa za aina ya B-25, nazo zilikuwa 16, kila moja na watu watano. Zilipunguzwa uzito kila palipowezekana ili zichukue mafuta mengi zaidi. Na mkiani, mahali ambapo hapakuwa na bunduki, paliwekwa mipini ya mifagio iliyopakwa rangi nyeusi ili adui aidhanie kuwa silaha. Tarehe 2 Aprili, 1942, manowari Hornet iliiacha bandari ya San Francisco ikiwa na ndege hizo sitahani. Asubuhi ya tarehe 18, chombo cha ulinzi cha Wajapani kiliziona manowari za Marekani. Basi yalibaki mashauri mawili tu: kurudi nyuma, au kuruka wakati ule ule, zaidi ya maili 600 kutoka Japani, saa nyingi kabla ya wakati uliokusudiwa, kwa mafuta ambayo hakuna aliyeweza kuapa kwamba yangetosha. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, bahari ikiwa imechafuka, Doolittle aliruka wa kwanza. Mbele yake sitaha ilikuwa haifiki futi 500. Kando yake alikaa rubani msaidizi, kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Dayton. Kijana huyo ndiye Richard Cole.

Ndege zote 16 ziliruka salama. Adhuhuri zilitupa mabomu juu ya Tokyo na miji mingine, kama vile Yokohama, Nagoya na Kobe, wala hata moja haikuangushwa. Hasara ya mali ilikuwa ndogo. Hasara ya moyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa watu wa Japani walikuwa wameaminishwa kwamba anga yao haiingiliki. Wanahistoria huona kwamba fedheha ya siku hiyo iliwatia wakuu wa Japani haraka ya kwenda kupigana huko Midway mwezi Juni, ambako walipoteza manowari nne za kubebea ndege.

Marubani wenyewe hawakuweza kujua hayo. Usiku uliwakuta juu ya Uchina, katika mvua na giza, mafuta yakiisha. Ndege moja ilikwenda kutua karibu na Vladivostok, katika Urusi ya Kisovieti, na watu wake wakazuiliwa huko zaidi ya mwaka mmoja. Zile nyingine 15 zilianguka zote: baadhi yake katika maji ya pwani, baadhi yake milimani baada ya watu wake kuruka kwa miavuli. Cole aliruka gizani, na mwavuli wake ukanasa juu ya msonobari. Mtu asiyeiona ardhi hana busara iliyo bora kuliko kukaa alipo. Basi Cole aliufanya mwavuli ule machela, akalala juu ya mti hata kulipokucha, kisha akashuka akashika njia ya magharibi. Thatcher, aliyekuwa na miaka 20, alikuwa katika ndege iliyopiga maji karibu na ufuko. Wenzake wanne waliumia vibaya, na yeye aliyeumia kidogo akawa mwuguzi wao na mlinzi wao, mpaka Wachina wa mahali pale walipowabeba kwenda mbali na adui.

Kulipopambazuka, Doolittle aliketi kando ya ndege yake iliyovunjika akiamini kwamba ameshindwa. Ndege zote zilikuwa zimepotea, na alitazamia kupelekwa mbele ya mahakama ya jeshi. Fundi wake, Paul Leonard, alimfariji akimwambia kwamba atapewa nishani iliyo kubwa kuliko zote, na ndege nyingine, naye ataomba kuwa fundi wa ndege hiyo. Yakawa kama alivyosema. Nishani ilikuja, ndege nyingine ilikuja, na Leonard akamfuata Doolittle mpaka Afrika ya Kaskazini. Huko Algeria, mwezi wa Januari 1943, aliuawa katika shambulio la ndege za Kijerumani. Mfariji aliona kweli mambo ya mwenziwe. Ya kwake hakujaliwa kuyaona.

Doolittle alikuwa amewaahidi watu wake karamu watakaporudi. Ahadi ni deni. Aliilipa mwezi wa Desemba 1945, mjini Miami, vita vilipokwisha. Tangu hapo walikutana karibu kila mwaka. Mwaka 1959 mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona, uliwapa zawadi ya vikombe themanini vya fedha. Kila kikombe kilichorwa jina la mtu mmoja, na jina hilo lilichorwa mara mbili: mara moja ili lisomeke kikombe kikiwa kimesimama, na mara ya pili ili lisomeke kikombe kikiwa kimefudikizwa. Katika kila mkutano wenyewe walijitenga na watu, wakaita majina, wakanywa kwa kuwakumbuka wenzao, na kikombe cha aliyekufa tangu mkutano uliotangulia kikafudikizwa.

Jikoni chombo hufudikizwa baada ya kuoshwa, na kila mtu ajua kuwa kesho kitainuliwa kitiwe chakula kingine. Vikombe hivi vilifudikizwa visiinuliwe tena. Hata hivyo, asomaye jina la marehemu hana haja ya kupinda shingo. Hulisoma wima, kama asomavyo jina la aliye hai. Yamkini hili ndilo jambo lililo jema kuliko yote katika zawadi ya watu wa Tucson. Fedha ingaliweza kuwa shaba, na vikombe vingaliweza kuwa sahani. Lakini mtu asiyejua maana ya kukumbuka asingefikiri kuliandika jina la rafiki kwa siku zake zote mbili, siku ya kusimama na siku ya kulala.

Mwaka 1973 Richard Cole alitengeneza kwa mkono wake kabati la kuchukulika, la kuvisafirishia vikombe hivyo kutoka mji hadi mji, kila mahali palipofanywa mkutano. Ni kazi ya useremala kama nyingine: kupima, kukata, kuunga, na kumpa kila mmoja nafasi yake. Lakini seremala aliyepima nafasi themanini alipima na ya kwake mwenyewe. Watu wengi huishi bila ya kuona mahali watakapowekwa. Cole alipaona, akapasawazisha, akaendelea na maisha yake.

Pamoja na vikombe ilikuwako chupa moja ya konyaki, kinywaji kikali cha Kifaransa kitokanacho na zabibu. Ilikuwa ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, naye alipewa alipotimiza umri wa miaka 60. Waliafikiana kwamba chupa isifunguliwe mpaka wabaki watu wawili, na hao wawili waifungue wanywe kwa ajili ya wote. Msomaji ambaye kinywaji hicho ni haramu kwake asikwazike, kwa sababu maana ya chupa hiyo haikuwa katika ladha yake. Ilikuwa amana, na thamani ya amana ni uaminifu wa walioiweka. Ilikaa imefungwa Doolittle alipofariki mwaka 1993, akiwa na miaka 96, na kikombe cha mkuu kikafudikizwa kama cha askari mdogo, bila ya tofauti.

Wala si uzee peke yake uliofudikiza vikombe. Watu watatu walikufa katika kuanguka kwa ndege. Wanane walikamatwa na Wajapani. Kati ya hao wanane, watatu, Dean Hallmark, William Farrow na Harold Spatz, walipigwa risasi tarehe 15 Oktoba, 1942, baada ya hukumu ambayo jina lake tu ndilo lililokuwa hukumu. Wa nne, Robert Meder, alikufa kifungoni mwaka 1943 kwa maradhi na utapiamlo. Wanne waliobaki walifungwa miezi 40, sehemu kubwa ya muda huo kila mtu peke yake, mpaka vita vilipokwisha. Robert Hite alikuwa mmoja wao. Vikombe vya waliokufa vitani viliundwa wenyewe wakiwa wamekwisha kuzikwa. Viliingia katika hesabu vikiwa tayari ni vya kufudikizwa, wala havikupata kusimama mbele ya mwenyewe hata jioni moja.

Hapa mtu mwenye kufikiri hawezi kuendelea mbele bila ya kusita. Watu 75 waliangukia Uchina na katika maji yake. Watatu walikufa, wanane wakakamatwa. Waliobaki ni 64. Hao 64 waliokolewa na nani? Waliokolewa na wakulima, wavuvi, walimu na askari wa Kichina, watu ambao wengi wao hawakupata kumwona Mmarekani maishani mwao. Waliwaficha, wakawalisha katika chakula chao kilichokuwa haba, wakawafunga majeraha, wakawachukua kwa mashua na kwa mabega. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara hii wageni walishuka kutoka mbinguni usiku, wakapona wao, na wenyeji hawakupona.

Tangu mwezi wa Mei 1942 jeshi la Japani lilipita katika majimbo ya Zhejiang na Jiangxi. Lilikusudia kuviharibu viwanja vya ndege ili shambulio kama lile lisirudiwe, na lilikusudia pia kuwaadhibu watu. Viwanja vilichimbuliwa, miji na vijiji vikachomwa, na vijidudu vya maradhi vikaenezwa kwa makusudi. Waliokufa hukadiriwa kufika 250,000. Mtu akiigawanya hesabu hiyo kwa wale 64 waliookolewa, atapata kwamba kwa kila mgeni mmoja walianguka wenyeji karibu 3,900. Hesabu ya namna hiyo haimtii hatiani rubani ye yote, kwa maana aliyeua ni aliyeua, na aliyeangushwa na mvua hakuchagua mlango wa kuugonga. Lakini hesabu huonyesha ukubwa wa deni. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hazina kikombe cha fedha, wala jina lililochorwa mara mbili, wala mara moja.

Je, walisahauliwa? Haki yataka isemwe kwamba waliookolewa hawakuwasahau waokozi wao. Tung-Sheng Liu, mhandisi wa Kichina aliyekuwa kijana alipowasaidia baadhi yao kupita salama, alihamia Marekani baadaye, na wakamfanya mwenzao wa heshima katika mikutano yao. Mwaka 1992, ilipotimia miaka 50, Wachina kadhaa waliowaokoa walialikwa Marekani wakakaa nao pamoja. Na katika jioni ile ya mwisho ya mwaka 2013, miongoni mwa watu zaidi ya 600 walioalikwa Dayton, wajane na watoto wa marubani na watu walionusurika Pearl Harbor, walikuwamo pia wazao wa wanakijiji wa Uchina. Mwaka 2018 ulifunguliwa mjini Quzhou, katika jimbo la Zhejiang, ukumbi wa kukumbusha habari za uokozi huo. Basi deni limekirika. Kukiri deni si kulilipa, na deni hili halilipiki. Lakini mdaiwa akirimaye husimama mahali pengine, mbali na mdaiwa akanaye.

Upo upande wa tatu wa hesabu, ulio mgumu zaidi kuliko huo. Mabomu yalianguka mahali, na mahali pale palikuwa na watu. Makumi ya Wajapani walikufa siku ile, na katika hao walikuwamo raia, hata mwanafunzi wa shule. Aliyekwenda Dayton kuvitazama vikombe vya fedha aliweza kuiona pia, katika makumbusho hayo hayo, ndege iitwayo Bockscar, ambayo tarehe 9 Agosti, 1945, ilitupa bomu la atomiki juu ya Nagasaki. Mwezi wa Aprili 1942 ndege 16 ziliua makumi. Mwezi wa Agosti 1945 ndege moja iliua makumi ya maelfu. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka mitatu na miezi minne tu. Shujaa na msiba wamewekwa katika nyumba moja, na mlinzi mmoja huwafungia mlango jioni.

Mmoja wa wale themanini aliuingia upande huo kwa miguu yake mwenyewe. Jacob DeShazer alikuwa mtupa mabomu katika ndege ya mwisho kuruka, ile iliyoishambulia Nagoya. Alikamatwa, akateswa, akafungwa miezi 40, akawachukia Wajapani kwa chuki ambayo hakuna awezaye kumlaumu. Kifungoni alipewa Biblia kwa muda mfupi, akaisoma, na moyo wake ukageuka. Mwaka 1948 alirudi Japani, safari hii kwa meli na pasipo silaha, akahubiri huko kwa miaka mingi. Mwaka 1959, mwaka ule ule ambao mji wa Tucson ulichora jina lake juu ya kikombe, alianzisha kanisa mjini Nagoya, katika mji aliopata kuutupia mabomu. Alifariki mwaka 2008. Mtu aweza kuwa wa dini yake au wa dini nyingine, na bado akaona kwamba huyu alilitafuta kaburi la hesabu yake akalipalilia.

Sasa yafaa kurudi katika chumba cha Dayton. Agano lilisema chupa ifunguliwe na wawili wa mwisho. Kwa nini basi ilifunguliwa wangali wanne? Mwezi wa Februari 2013 alifariki Thomas Griffin, aliyekuwa wa tano wao. Mwezi wa Aprili walikutana mbele ya watu kwa mara ya mwisho huko Florida, karibu na mahali walipojifunzia kuruka. Walitazamana wakaona kwamba kulifuata agano kwa maneno yake kungekuwa kuiachia mauti kazi ya kuchagua wanywaji. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wawili wa mwisho wangeweza kuwa wagonjwa, kila mmoja kitandani kwake, majimbo mengi katikati yao, na chupa isiyo na wa kuifungua. Agano lao halikuwa la kushindana nani atakawia kufa; lilikuwa la kutowaacha wenzao wapite bila ya kutajwa pamoja. Kwa hiyo walilivunja neno la agano ili walishike agano lenyewe.

Mchana wa siku ile ya Novemba waliweka shada la maua katika mnara wao wa ukumbusho nje ya makumbusho, na baadhi ya ndege za B-25 zilizosalia duniani, ambazo sasa ni chache, zikaruka juu yao. Jioni walikaa mbele ya wageni wao. Mwanahistoria wao aliyaita majina yote themanini, moja baada ya jingine. Mara tatu ilisikika sauti ya mzee ikijibu kwamba yupo. Mara 77 hapakuwa na jibu. Na kimya kimoja katika hivyo 77 kilikuwa cha mtu aliye hai, Robert Hite, aliyekuwa nyumbani kwake mbali na pale; hivi kwamba asiyejua hangeweza kumtofautisha asiyekuwapo kwa ugonjwa na asiyekuwapo kwa kifo. Ndivyo ulivyo uzee: kabla haujamwondoa mtu duniani humwondoa katika baraza.

Kisha Richard Cole, kijana wa Dayton aliyerudi nyumbani akiwa na miaka 98, aliifungua ile chupa ya mwaka 1896. Wazee walitiliwa kidogo katika vikombe vyao. Cole alisimama akanyanyua kikombe kwa ajili ya waliopotea katika safari ile na kwa ajili ya wote waliofariki baadaye, akawaombea mapumziko ya amani, akashukuru. Maneno yake hayakufika hata robo ya dakika. Watu waliokuja kutoka mbali kusikia hotuba hawakuisikia, wala hawakunung'unika. Mtu aliyelala usiku mmoja juu ya mti, asijue chini yake pana nini, hujifunza kutosema zaidi ya anayoyajua.

Edward Saylor alifariki mwezi wa Januari 2015, na Robert Hite mwezi wa Machi mwaka huo huo. Wawili waliobaki walikuwa Cole aliyekaa Texas na Thatcher aliyekaa Montana, nchi nzima katikati yao. Ikadhihirika kwamba wazee hawakukosea walipokataa kungoja. Thatcher alifariki mwezi wa Juni 2016. Kwa muda wa karibu miaka mitatu kikombe kimoja kilisimama katikati ya vikombe 79 vilivyofudikizwa, na mwenyewe alikuwa ni yule yule aliyevitengenezea kabati. Richard Cole alifariki tarehe 9 Aprili, 2019, akiwa na umri wa miaka 103. Tarehe 18 ya mwezi ule, siku ilipotimia miaka 77 tangu ndege yake kuruka kutoka Hornet, watu walikutana San Antonio kumkumbuka. Kikombe cha themanini kikafudikizwa. Hapakubaki mwenzao wa kukifudikiza. Kazi hiyo iliwapasa watu ambao vita vile waliviona vitabuni.

Hapo ndipo linapoanza jambo ambalo wazee walilifanyia kazi miaka yote ile. Kukumbukana wao kwa wao kulikuwa kwepesi, kwa kuwa mkumbukaji alikuwapo katika jambo lenyewe. Waswahili husema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wale themanini sasa ni wala jana wote, na anayepita mbele ya kabati hilo hana deni nao ila lile atakalojitwika kwa hiari yake. Akisimama tu na kustaajabu ushujaa, atakuwa amesoma jina mara moja. Akivihesabu vikombe, kisha akaendelea kuhesabu pale vikombe vinapokoma, mvuvi wa Zhejiang, mwanafunzi wa Tokyo, mama aliyempa rubani wali wake akachomewa nyumba kwa ajili hiyo, ndipo atakapokuwa amelisoma kwa pande zote mbili, kama lilivyochorwa. Hakuna seremala awezaye kutengeneza kabati la kuwatosha wote hao. Lakini Cole alipotengeneza lake alianza kwa kupima, na kupima hakumlazimu mtu kuwa na mbao za kutosha.